Kuchagua Kasi Sahihi ya Drili ya Betri: Mwongozo Kamili kwa Mbao, Chuma, Ukuta na Skrubu

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji ni yale yale. Biti mpya ya chuma imegeuka bluu kabla ya kumaliza tundu la pili, kigae cha bafuni kimepasuka, kichwa cha skrubu kimelika hadi bisibisi haishiki tena, au drili imetoa harufu ya kuungua ilhali betri ilikuwa imejaa. Lawama hutupiwa drili, au muuzaji wa biti. Ukiuliza maswali mawili matatu, hata hivyo, unakuta karibu kila mara kwamba drili ilikuwa kwenye gia ya 2 tangu siku iliponunuliwa, na mwenyewe alikuwa akijaribu kupunguza kasi kwa kubonyeza triga nusu nusu.

Gia na triga hazifanyi kazi moja, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Jambo la pili ni kwamba kasi haichaguliwi kwa kutazama kitu kinachotobolewa peke yake. Huchaguliwa kwa kuanza na kipenyo cha biti, kisha ugumu wa kitu, kisha uwezo wa drili uliyo nayo. Ukifuata mpangilio huo, biti moja nzuri itatoboa matundu mengi, na drili ya kawaida ya volti 18 itatosha kwa karibu kila kazi ya nyumbani.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Drili ya betri yenye gia mbili, pete ya klachi, na ikiwezekana hali ya nyundo.
- Betri mbili, au moja iliyojaa kabisa, kwa sababu betri iliyopungua hufanya kasi ishuke na kukupotosha.
- Biti zinazolingana na kazi: za chuma, za mbao, za ukuta zenye ncha ya kabaidi, na za vigae ukihitaji.
- Biti za bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye vichwa vya skrubu zako.
- Ponchi na nyundo ndogo kwa kazi ya chuma, pamoja na mafuta kidogo ya kukatia au ya injini.
- Jiliwa au vibano vya kushikilia kitu, utepe wa karatasi unaonata, na chupa ya kunyunyizia maji.
- Miwani ya kukinga macho. Vumbi la ukuta linaloanguka wakati unatoboa juu ya kichwa, na vinyuzi vya chuma vinavyoruka, ni hatari kubwa kwa macho.
- Kipande cha majaribio cha kitu kile kile utakachotoboa.

Ondoa mitandio, mikufu na mikono mirefu inayoning'inia. Glavu za kitambaa zisivaliwe wakati biti inazunguka, kwa sababu huweza kunaswa na kuvuta vidole.

Hatua ya 1: Ifahamu drili yako kabla ya kuigusisha ukutani

Juu ya drili kuna swichi ya kuteleza yenye namba 1 na 2. Hiyo ndiyo gia. Gia ya 1 hutoa mizunguko michache na nguvu kubwa ya kuzungusha, na gia ya 2 hutoa mizunguko mingi na nguvu ndogo zaidi. Drili nyingi za volti 18 hufikia takriban mizunguko 400 hadi 500 kwa dakika katika gia ya 1, na 1,500 hadi 2,000 katika gia ya 2. Namba kamili za drili yako zimeandikwa kwenye kibandiko cha ubavuni, mara nyingi kwa mtindo wa 0–450/0–1500. Zinakili kwenye utepe na uubandike juu ya drili, kwani utazihitaji katika hatua ya 2.

Triga, yaani kitufe unachobonyeza kwa kidole cha shahada, huamua ni kiasi gani cha kasi ya gia hiyo unachokitumia kwa wakati huo. Pete iliyo nyuma ya mdomo wa drili (sehemu inayoshika biti), yenye namba nyingi, ni ya klachi. Yenyewe haibadilishi kasi hata kidogo. Huamua ni lini mdomo uache kuzunguka skrubu inapokaza. Mwisho wa namba hizo kuna alama ya biti, inayofunga klachi kwa ajili ya kutoboa, na kwenye drili zenye nyundo kuna alama ya nyundo. Swichi ya pembeni, juu ya triga, hubadilisha mwelekeo, na ikiwekwa katikati hufunga triga. Iweke katikati kila unapobadilisha biti.

Neno moja kuhusu volti, kwa kuwa linawapoteza wanunuzi wengi hapa Nairobi. Kuna seti za bei nafuu ambazo betri zake zimechapishwa namba kama 48 au 88, ilhali ndani yake kuna seli tano tu. Seli ya lithiamu ina volti 3.6 hivi, kwa hiyo seli tano ni volti 18, na zinapojaa kabisa hufika karibu 21. Usichague kasi kwa namba hiyo kubwa iliyo kwenye betri. Tafuta mizunguko kwa dakika, na kama haijaandikwa popote, chukulia 400 kwa gia ya 1 na 1,400 kwa gia ya 2.

*Utajua umefaulu* ukiweza kueleza, bila kuishika drili, ni swichi ipi hubadilisha nguvu, ipi hubadilisha mwendo, na ipi huzuia skrubu isizidi kukaza.

Hatua ya 2: Pima kipenyo cha biti, kisha ukokotoe

Sehemu ya biti inayokata ni ukingo wake wa nje. Biti ya milimita 10 ikizunguka mara moja, ukingo wake husafiri umbali mara mbili ya ule wa biti ya milimita 5. Kwa mizunguko ile ile, basi, biti nene inakwaruza chuma kwa kasi maradufu, na joto linapanda haraka zaidi. Hii ndiyo sababu mtu anatoboa vizuri kwa biti ya milimita 4 asubuhi, anabadilisha na kuweka ya milimita 12 mchana bila kugusa gia, na kuiunguza.

Kwa biti za kawaida za chuma cha kasi (HSS), hesabu ifuatayo inatosha. Ikiwa unatoboa chuma cha kawaida, kama vile bomba la mraba la geti au chuma cha pembe, gawa 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Jibu ndiyo mizunguko kwa dakika inayofaa. Kwa chuma kisichoshika kutu, gawa 3,000 badala ya 8,000. Kwa alumini, gawa 20,000.

Hivyo kwa chuma cha kawaida:

- Milimita 3: karibu 2,700
- Milimita 5: karibu 1,600
- Milimita 6: karibu 1,300
- Milimita 8: karibu 1,000
- Milimita 10: karibu 800
- Milimita 13: karibu 600

Sasa linganisha na drili yako. Biti ya milimita 3 hadi 6 inaangukia gia ya 2 moja kwa moja. Ya milimita 8 iko mpakani. Ya milimita 10 inataka mizunguko 800, ambayo gia ya 1 haifikii na gia ya 2 inaipita, na hapa watu wengi huchagua gia ya 2 kwa triga nusu. Chagua gia ya 1. Ukienda polepole kuliko hesabu inavyosema, unachopoteza ni dakika chache. Ukienda kwa kasi kupita hesabu, unapoteza biti. Tena biti nene inahitaji nguvu ya kuzungusha ambayo gia ya 2 haina, hata kama kasi yake ingekuwa sawa.

Hesabu hiyo hiyo hufaa kwa biti ya msumeno wa mviringo, yaani ile yenye umbo la kikombe chenye meno inayokata tundu pana. Msumeno wa milimita 25 kwenye bamba la chuma unahitaji mizunguko isiyozidi 320 hivi, na wa milimita 50 haupaswi kupita 160. Hiyo ni gia ya 1, na kwa ule mkubwa ni gia ya 1 kwa triga isiyofika mwisho.

Hatua ya 3: Zingatia kitu unachotoboa

*Mbao.* Mbao laini kama saipresi na plaiwudi zinapenda kasi. Biti nyembamba hadi milimita 10 zitumie gia ya 2, triga ikibonyezwa hadi mwisho mara biti inapoingia. Biti bapa za matundu makubwa hukata vizuri kwa kasi pia, lakini drili yako ikianza kulegea au kukwama, shuka hadi gia ya 1 mara moja. Biti ya parafujo, ile yenye uzi mwembamba nchani unaojivuta ndani, itumie gia ya 1 daima, maana hujivuta kwa nguvu na huweza kukuzungusha kifundo cha mkono.

Kazi ya kabati za jikoni ina biti yake: ile ya milimita 35 inayochimba kikombe cha bawaba. Itumie gia ya 1, na usizidi kina cha milimita 13, kwani mlango wa kawaida una unene wa milimita 16 au 18 tu. Ukiiendesha kwa gia ya 2 ukingo wake huungua, na ubao wa unga wa mbao uliokandamizwa hubaki na ukuta mweusi, laini, usioshika bawaba.

*Utajua umefaulu* ukiona maranda yanayotoka kwa vipande vinavyoonekana. Unga mweusi na harufu ya moshi ni dalili ya kasi kubwa mno au biti butu.

*Chuma.* Piga alama kwa ponchi kwanza, la sivyo biti itateleza na kuchora rangi ya geti. Kwa tundu lililo zaidi ya milimita 6, anza na biti ya milimita 3 au 4 katika gia ya 2, kisha ubadilishe gia na biti. Weka tone la mafuta. Sukuma kwa nguvu ya kutosha ili biti ikate, kwa maana biti inayozunguka bila kukata inasugua tu, na kusugua ndiko kunakoleta joto.

Onyo hili ni zito zaidi kwa chuma kisichoshika kutu, kama vile vishikio vya ngazi na masinki. Metali hiyo hujigumisha yenyewe inaposuguliwa. Ukiitoboa kwa kasi kubwa na msukumo mdogo, baada ya sekunde chache uso wake unakuwa mgumu kiasi kwamba biti hiyo haiingii tena hata ukipunguza kasi. Biti ya milimita 5 inahitaji mizunguko 600 tu: gia ya 1, triga hadi mwisho, msukumo mkubwa usiokatika, na mafuta.

*Utajua umefaulu* ukiona nyuzi mbili zilizojisokota zikitoka pande zote mbili za biti, zenye rangi ya fedha au manjano hafifu. Zikiwa za bluu, simama, kwani joto limezidi. Karibu na mwisho wa tundu punguza msukumo, kwa sababu biti inapotokea upande wa pili hunasa, na kitu kisichofungwa kwenye jiliwa huzunguka nayo na kukata mkono.

*Kuta.* Hapa panahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ukuta wa Nairobi si kitu kimoja. Nyumba nyingi za ghorofa zina fremu ya nguzo na mihimili ya zege yenye nondo, na katikati yake kuta zimejengwa kwa mawe ya kuchongwa, ikiwemo yale ya Ndarugo, kisha zikapigwa plasta. Ukiwa sebuleni unaona ukuta mmoja mweupe, lakini sentimita thelathini kushoto au kulia zinaweza kukutoa kwenye jiwe la volkeno linalotoboka kwa urahisi na kukuingiza kwenye nguzo inayokataa kabisa.

Kwa jiwe na plasta, anza bila nyundo. Weka pete kwenye alama ya biti, gia ya 2, na biti ya ukuta yenye ncha ya kabaidi. Ikiwa inaingia yenyewe kwa msukumo wa kawaida, endelea hivyo hadi mwisho. Nyundo kwenye jiwe laini hupanua tundu, kisha ile plagi ya plastiki, fisha, inazunguka ndani badala ya kushika, na rafu ya televisheni inaning'inia kwa bahati. Biti iwe na kipenyo sawa na fisha: ya 6 kwa 6, ya 8 kwa 8.

Biti ikigoma baada ya kupita plasta, washa nyundo na ubaki gia ya 2. Wengi hushuka gia ya 1 wakidhani kitu kigumu kinahitaji mwendo wa pole, na kwa chuma wangekuwa sahihi. Nyundo ya drili ya betri, hata hivyo, hutokana na diski mbili zenye meno zinazopandana na kushukiana, kwa hiyo idadi ya mapigo hutegemea mizunguko. Ukipunguza mizunguko unapunguza mapigo, na biti hukaa ikisugua zege bila kulivunja. Gia ya 2, triga hadi mwisho, na kila baada ya sekunde 10 hivi vuta biti nje ikiwa bado inazunguka ili vumbi litoke na ncha ipoe.

Ikiwa baada ya dakika moja umeingia milimita chache tu, huenda uko kwenye zege la nguzo, kwenye linta (mhimili wa juu ya mlango au dirisha), au umegonga nondo. Usiongeze nguvu. Sogeza tundu sentimita chache, au uazime drili kubwa ya nyundo ya umeme, ile ya biti zenye mifereji shinani, ambayo hupiga kwa pistoni na si kwa meno. Kabla ya yote hayo, usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, kwa kuwa nyaya za volti 240 kwa kawaida hupita hapo wima. Bafuni na jikoni fuata mkondo wa mabomba kwa makini.

*Utajua umefaulu* vumbi likimiminika mfululizo, na fisha ikiingia kwa kugongwa taratibu, si kwa kusukumwa na kidole.

*Vigae.* Gia ya 1, bila nyundo, mizunguko isiyozidi 400. Bandika utepe wa karatasi kwa alama ya msalaba ili biti isiteleze, tumia biti yenye ncha ya mkuki ya kabaidi, na unyunyize maji kila baada ya sekunde chache. Elekeza maji kwenye kigae, yasiingie kwenye matundu ya kupoza mota. Msukumo uwe mdogo na usiokatika. Ukishavuka kigae chenyewe na kufika ukutani, badilisha biti, na hapo tu ndipo unaweza kufikiria nyundo. Kigae kigumu cha posilini hakikubali ncha ya mkuki. Kinahitaji biti ya almasi, ambayo kasi yake hutofautiana kulingana na kama imeundwa kutumia maji au kukatia pakavu, hivyo fuata maelezo ya kifurushi chake. Anza ukiwa umeiinamisha kidogo hadi ichonge mwezi mdogo, kisha uinyanyue taratibu mpaka isimame wima.

*Plastiki.* Gia ya 1. Plastiki ikipata joto huyeyuka, hushika biti, na hupasuka inapopoa. Anayetoboa tangi la maji ili kufunga bomba la kutokea atumie msumeno wa mviringo, gia ya 1, bila kubonyeza sana. Pima nyuzi za nje za kiunganishi kwa rula kabla ya kuchagua msumeno. Kiunganishi kinachoitwa cha inchi 1 kina nyuzi zenye kipenyo cha karibu milimita 33, na tundu la milimita 25 halitakipitisha.

Hatua ya 4: Badilisha gia drili ikiwa imesimama

Achia triga, subiri mdomo usimame kabisa, kisha usogeze swichi ya gia hadi isikike ikikaa. Isipofika mwisho, zungusha mdomo kidogo kwa mkono na ujaribu tena, kwa kuwa meno ya ndani hayajakutana. Kubadilisha gia mdomo ukiwa unazunguka hukwaruza meno hayo, na swichi iliyokaa katikati ya 1 na 2 huyala kabisa. Hatua hii huchukua sekunde mbili. Iheshimu.

Hatua ya 5: Anza polepole, kisha ifikie kasi uliyoichagua

Gusisha ncha mahali penye alama, drili ikiwa imenyooka. Bonyeza triga kidogo hadi biti itengeneze kitundu chake cha kwanza, kisha uendelee hadi kasi uliyokusudia. Triga imekusudiwa kwa mwanzo huu na kwa kumalizia. Haikusudiwi kushikiliwa nusu kwa dakika nzima.

Sababu iko ndani ya mota. Mota ya drili huzunguka kwa kasi kubwa sana kuliko mdomo, na gia ndiyo inayopunguza mizunguko hiyo na kuigeuza nguvu. Ukiwa gia ya 1, mota inaenda mbio huku mdomo ukienda taratibu, kama lori lenye mzigo linavyopanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Ukiwa gia ya 2 kwa triga nusu chini ya mzigo mzito, mota yenyewe ndiyo inayoburutwa. Inavuta umeme mwingi, na feni yake, ambayo imefungwa kwenye ekseli ile ile, haizunguki vya kutosha kuipoza. Ile harufu ya kuungua hutoka hapo.

*Onyo:* Biti ikikwama, achia triga papo hapo. Mota iliyosimamishwa kwa nguvu ndiyo inayovuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote, na sekunde chache zinatosha kuiharibu. Geuza mwelekeo, toa biti, kisha uanze upya kwa gia ya 1. Kwa biti nene, funga mpini wa pembeni na ushike drili kwa mikono miwili, kwa sababu katika gia ya 1 ina nguvu ya kuvunja kifundo cha mkono.

Hatua ya 6: Skrubu, klachi na gia ya 1

Skrubu za mbao ni kazi ya gia ya 1. Toboa kwanza tundu jembamba la mwongozo: kwa skrubu ya milimita 5, biti ya milimita 3 inatosha kwenye mbao laini, na ya 3.5 kwenye mbao ngumu kama mvule au mkaratusi uliokauka. Bila tundu hilo, mbao ngumu hupasuka au skrubu hukatika shingo.

Weka klachi kwenye namba ndogo, kama 4 au 5. Ikianza kugonga kabla kichwa cha skrubu hakijalala sawa na ubao, panda namba moja au mbili, ujaribu tena kwenye kipande cha majaribio, na ukishaipata usiibadilishe hadi umalize skrubu zote za aina hiyo. Mtu anayefunga skrubu huku pete ikiwa kwenye alama ya biti hana kinga yoyote. Drili itaendelea kuzungusha hadi kitu kimoja kikubali kuharibika.

Kichwa cha skrubu kikilika, chunguza biti ya bisibisi kabla ya kulaumu kasi. Msalaba wa kawaida na ule wenye mistari midogo ya ziada katikati ya mikono yake si kitu kimoja, ingawa biti ya mmoja huonekana kuingia kwenye mwingine. Tumia iliyo sahihi, sukuma kwa uzito wa mwili nyuma ya drili, na triga iwe ya taratibu mwanzoni.

Zipo skrubu ambazo zinaenda kinyume na kanuni hii, nazo ni zile za mabati zenye ncha inayojitobolea. Ncha yake ni biti ndogo ya chuma, kwa hiyo inahitaji gia ya 2 ili ikate bati na chuma kilicho chini yake. Punguza triga mara tu uzi unaposhika, na uache mpira wa chini ya kichwa ubanwe bila kufurika nje ya ukingo. Mpira uliopondwa utavuja mvua ya kwanza ya masika.

*Utajua umefaulu* vichwa vyote vikilala usawa mmoja, na msalaba wa kila kimoja ukibaki na kona zake kali.

Hatua ya 7: Pumzisha mota kwa njia inayoipoza

Baada ya matundu kadhaa mazito, gusa ubavu wa drili. Ikiwa ni moto kiasi cha kutotaka kuushika, usiiweke chini ikiwa imezimwa. Iweke gia ya 2, bila mzigo, na ubonyeze triga hadi mwisho kwa dakika moja ili feni isukume hewa ndani. Betri nayo iache ipoe kabla ya kuirudisha kwenye chaja.

Kasi ni sahihi, lakini tundu bado haliingii

Angalia mwelekeo kwanza. Biti inayozunguka kinyume husugua na kupata joto bila kukata, na hili hutokea mara nyingi baada ya kufungua skrubu na kusahau kurudisha swichi.

Kisha itazame ncha ya biti mwangani. Kingo mbili za kukatia zikimeta kwa mstari mweupe, zimekuwa butu, na hakuna gia itakayozirudisha. Biti ya chuma yenye ubora huweza kunolewa, na fundi wa chuma wa Kamukunji mwenye mashine ya kunoa ataifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Biti ya chuma cha kaboni ya bei rahisi iliyogeuka bluu imepoteza ugumu wake, kwa hiyo haifai kwa chuma tena. Iweke kando kwa mbao laini. Unaponunua nyingine kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga au katika hadwea ya mtaani kwako, chukua biti moja moja za saizi unazozitumia badala ya kasha la biti kumi na tisa za bei ya biti tatu.

Mwisho kagua mdomo wa drili. Ikiwa shina la biti lina mikwaruzo ya mviringo, biti imekuwa ikiteleza ndani ya mdomo huku drili ikizunguka bure. Safisha taya kwa brashi kavu, ingiza biti hadi mwisho kisha uirudishe nje milimita mbili, kaza mdomo kwa mkono mpaka usikie mlio wa kufunga, na urudie tundu lile lile kwa gia ile ile.